Viti Vilivyobaki Uwanjani Dranya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shehe wetu na padri wetu, wazee wa Dranya na wa Koboko mjini, ndugu Saturnino uliyetoka Awindiri asubuhi na mapema, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Sudan Kusini mkaja kukaa nasi, wachezaji wetu, mabibi na mabwana: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Kwanza naomba radhi kwa jambo ambalo nyote mnaliona na hakuna anayelitaja. Mmesimama. Lori la viti vya kukodi limekwama kwenye matope huko njiani, jua linawachoma utosini, na hapa mbele yenu, kando ya uwanja, kuna safu nzima ya viti visivyo na mtu. Nimemkaribisha Mheshimiwa akae, akaniambia mgongo unamsumbua, afadhali asimame. Nimemkaribisha padri, akasema amekaa mno garini. Akina mama wenye watoto mgongoni wamevizunguka viti hivi kwa mbali, kama vile vimepakwa rangi mbichi. Ni nani aliyewakataza kukaa? Mimi sikumkataza mtu, na wengine wenu leo ndiyo mara ya kwanza kukanyaga uwanja huu.

Kwa msionijua, mimi ni Zuhurah binti Abiriga. Baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili hiki nilikiokota kambini kabla sijajua kusoma, kwa hiyo kikiwa na vumbi la buti mnisamehe. Leo nastaafu kazi ya kuuza hisa za klabu yetu, Nyota ya Dranya. Nimeombwa niwaage, kisha nitamke neno moja la kukabidhi uwanja. Neno hilo nitalifikia. Nipeni nafasi nipumue kwanza.

Mnakumbuka hali yetu baada ya ule ugonjwa uliofunga mipaka? Timu haikuwa na mpira wala nauli ya kufika Arua kucheza. Ndipo tukakubaliana kuuza hisa ndogondogo, za kina sisi, wauza muhogo na waendesha boda. Na kwa kuwa watu wetu wamechoka na karatasi, maana karatasi zimeunguzwa mara ngapi katika nchi hizi mbili, tukasema hisa itakuwa kiti. Ukinunua, unaleta kiti cha mbao kutoka nyumbani kwako, seremala anachoma jina lako kwa chuma cha moto, unakiweka kando ya mstari, na hapo ni pako. Ukitaka kuuza, unakibeba kwa mikono yako mwenyewe kupita bendera ya kona. Ukishaipita, basi, umeuza.

Mimi nilikuwa nikiuza popote watu walipo, na nyote mnajua watu wa West Nile wanakusanyika wapi kuliko kokote: matangani. Msinicheke. Niliuza hisa matangani, tena niliuza vizuri.

Basi alipofariki Lemi, winga wetu wa kushoto, kwa ajali ya boda kwenye barabara ya Arua, nilikwenda kulia na mama yake. Dada Helen yupo pale, nyuma ya wachezaji. Alikimbia vita na kijana huyo akiwa amembeba kifuani. Sikwenda kuuza siku ile, naapa. Lakini mnajua desturi yetu, kwamba matangani kila mtu hutoa kitu kwa jina la marehemu. Helen akaingia ndani, akatoka na kiti alichokuwa akikalia Lemi kula, akanipa. Akasema hisa hiyo si yake, ichomwe jina la Lemi. Tukaichoma. Na baada ya hapo, nani angekubali marehemu wake akose? Kila msiba ukaleta kiti. Mume wangu Swadiki alipoondoka, nami nilileta chake. Tulifurahi, klabu ilikua, na katika akili zetu zote, pamoja na wazee waliosomea Makerere, hakuna aliyeuliza swali dogo: huyu tuliyemuuzia, siku ya kuuza, atabebaje kiti?

Mambo yakaanza kidogokidogo, na sisi tukayazoea. Mnaijua mvua ya huku inavyopiga. Ilinyesha tukicheza na timu ya Yumbe mpaka mwamuzi akakimbilia shuleni, na tuliporudi viti vyote vilikuwa vimelowa isipokuwa safu hii ya marehemu. Tukasema ni upepo. Upande huu una mteremko mpaka kijitoni, na zamani mpira ukitoka, tulikuwa tunautafuta kwenye matete. Siku hizi mpira ukitoka upande huu unaishia penye viti, unasimama, kisha unarudi taratibu mpaka kwenye mstari. Santo, beki wetu, haufuati tena. Anangoja tu hapo na mikono kiunoni, na ukimfikia anasema asante.

Sasa ndugu Saturnino. Nakusifu mbele ya watu, na ninakusifu kwa haki. Ulikuja na nia yako bila kuificha: kununua hisa zote ndogo, kuihamishia timu Arua kwenye taa na nyasi nzuri, na uwanja huu uwe maegesho ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Kaya. Ulilipa vizuri, hukumdanganya mtu. Nanyi mliouza, siwalaumu, kila mtu ana shida zake. Mlibeba viti vyenu mchana kweupe, wengine mkiimba, mkaipita bendera. Ndiyo maana leo hamna pa kukaa.

Ikabaki safu hii. Wakili tuliyemuuliza akasema mrithi anaweza kumbebea marehemu, na Helen akakubali kuwa wa kwanza. Msimhukumu. Binti yake Night amepata nafasi ya kusomea unesi, na mama anayeuza chai atatoa wapi karo? Nilimsindikiza mimi mwenyewe. Alikiinua kiti cha Lemi vizuri, kiti chenyewe ni kidogo, mtoto anaweza kukibeba kichwani. Akatembea. Kadiri alivyokaribia kona ndivyo magoti yake yalivyokunjika, jasho likamtoka, na nilipotaka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Hatua chache kabla ya bendera akageuka, akakirudisha mahali pake, akakifuta vumbi. Nikamuuliza kuna nini.

Akaniambia, "Mama Zuhurah, kiti iko nzito. Mutu iko juu yake."

Hakulia. Alizikataa fedha za Saturnino siku hiyohiyo, na Night mwaka huu atakaanga mandazi badala ya kwenda chuo. Hilo linaniuma, nalisema wazi, na sijui dawa yake.

Ndugu Saturnino alipopata habari hakukasirika. Alikuja peke yake, bila dereva, akaniambia kwa upole, "Mama, hii ni mbao tu. Mimi nilianza maisha kwa kubeba magunia sokoni Arua." Akakinyanyua kile kiti cha Lemi kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimekaa kule kivulini karibu na goli, uwanja mzima mtupu, mchana kama huu. Alitembea vizuri, kisha akaanza kutumia mikono miwili, kisha akakikumbatia. Karibu na bendera akasimama. Akainamisha kichwa kushoto, vile mtu mrefu anavyomwinamia mfupi anayetaka kumwambia jambo. Akasikiliza muda mrefu. Halafu nikamsikia akiitika.

Alisema, "Naam, mama."

Mabibi na mabwana, uwanjani hapakuwa na mwanamke mwingine ila mimi, na mimi sikuwa nimemwita.

Alikirudisha kiti, akaondoka bila kuaga. Nilidhani hatutamwona tena. Lakini jana alirudi na kiti kidogo cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi wa jikoni. Marehemu mama yake alikuwa akikikalia kupepeta ulezi, na mwenyewe amezikwa karibu na Ombaci. Hakuniuliza bei. Alikiweka pale mwisho wa safu, mnakiona, akaomba kichomwe jina. Ndiyo hisa yangu ya mwisho kuuza. Nilimuuliza alisikia nini siku ile, akatikisa kichwa. Nikamuuliza basi leo nitamke nini, akasema, "Mama Zuhurah, sema unachokiona."

Mheshimiwa, neno la kukabidhi nililoandaliwa ni hili: viti vimeondoka. Mimi nimesimama hapa, macho yangu bado mazima, na ninachokiona ni kwamba viti havijaondoka. Kwa hiyo siwezi kukabidhi, na uwanja huu haujauzwa. Ndugu Saturnino, wewe ni mwenye hisa kama wengine, tena una nyingi. Lete nyasi zako huku. Malori yatafute pengine.

Na kuna mnaonong'ona kwamba Mama Zuhurah anatetea kiti cha mumewe. Ni kweli. Kiti cha Swadiki ni hicho kilichoegemea kidogo, alikuwa na nyonga mbovu. Katika siku zote hizi sijajaribu kukiinua. Ninyi mnaogopa viti hivi kwa kuwa ni vizito. Mimi ninaogopa cha kwangu kiwe chepesi.

Ninastaafu, lakini sitaenda mbali. Nawashukuru wachezaji, nawashukuru wazee, namshukuru dada Helen kuliko wote, na ninawaomba mliouza vizuri mkae chini mzungumze juu ya karo ya Night, maana huyu mtoto ana kaka yake anayeangalia. Ninyi mliosimama juani mpaka nimemaliza, Mungu awape nguvu za miguu. Na ninyi mliokaa, asanteni kwa kunisikiliza.