Koti la Vipande vya Majirani

Benchi letu liko chini ya ghorofa, huku ughaibuni, kwenye njia panda ya barabara za Jane na Finch, mkabala na kituo cha basi, na Jumamosi asubuhi Khalfan, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, huleta chupa ya kahawa ya tangawizi, na Goretti wa Uvira, mama wa maombi, hukaa kulia, na Télesphore, ndiye Diplomate, huja na tai shingoni hata kama haendi popote. Mimi nilifika na mwanangu Wema amelala kwenye kigari, mkasi mfukoni, maana nilikuwa na ombi: tangu moto uwake kwenye ghorofa yetu tukashuka ngazi ndani ya moshi, mtoto hataki lifti, hataki kuvuliwa sweta, na jirani yetu Xiulan, anayesomea ubunifu wa mavazi, amesema atamshonea koti la kumtuliza, kama walivyofanya wazee wao China: kila nyumba inatoa kipande cha nguo, mtoto anavaa ulinzi wa watu wote.

— Nguo niliyoivaa? — Goretti akashika kilemba chake. — Na jasho langu? Mama Wema, kwetu ukimpa mtu kipande cha nguo yako, umempa shingo.

— Si uchawi, dada, naapa, ni koti tu, laini, mishono yote iko nje isimkwaruze...

— Ni sayansi hiyo! — Redio akadakia. — Wachina wanajua mishipa. Kipande kikikaa mgongoni, hofu inatokea miguuni.

— Na shida za mwenye nguo zinakwenda wapi? — Diplomate akauliza. — Nikikata tai yangu, mtoto ataamka anadai viza.

— Bora viza! Akivaa shati la Redio hatanyamaza maisha! — Goretti akasema.

— Na kilemba cha Goretti je? Atakemea mapepo kwenye lifti! — Redio akamrudishia.

Wakacheka, nikacheka nao, mara king'ora kikapita barabarani, kahawa ikanimwagikia mkononi, nikajikuta nimeshasimama, nimeshashika kigari, tayari kukimbia. Wema hata hakugeuka.

Bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa anangoja basi, Dolat, mzaliwa wa Moshi kama alivyotuambia baadaye, akasogea.

— Samahani, wanangu. Nimesikia habari ya koti la mtoto. La huyu mama yake linashonwa na nani?

Nikasema mimi sijambo, mimi niko sawa, ni mtoto tu, ni mtoto tu.

Goretti akavua kilemba, upepo ukimpiga masikioni, akakiweka mikononi mwangu.

— Toa mkasi. Kata viwili.