Neno la Kumuaga Bibi wa Kiitaliano

Kwenye tramu ya kwenda Laeken, mama mmoja wa Kivu aliyevaa nguo nyeusi alikuwa akihangaika kusoma neno moja kwenye karatasi. Msichana wa Kitanzania aliyekaa kando yake alivumilia vituo viwili, kisha akasema, "Shikamoo mama. Hilo neno ni indimenticabile. Nasoma Kiitaliano chuoni."

"Mungu amekutuma, mutoto yangu." Akajitaja kuwa Maman Mathilde. Alikuwa amemtunza bibi mmoja wa Kiitaliano miaka tisa. Leo bibi anazikwa, na watoto wa marehemu wamemwomba Maman asome sentensi moja ya Kiitaliano kanisani. "Minasoma ndi-me-nti," akasema.

"Hapo unakata kama Kiswahili. Waitaliano huiacha n kwenye silabi iliyotangulia: in-di-men-ti-ca-bi-le. Na usiimeze hiyo 'in' ya mwanzo, maana ndiyo inayokanusha, kama 'si' kwenye 'asiyesahaulika', maana ya neno hili. Ukiiacha, utasema marehemu ni mtu wa kusahaulika."

Maman akaziba mdomo. "Ee Yezu! Tangu asubui minaimeza!"

Wakasoma pamoja, polepole. Hata mimi niliyekaa nyuma yao nilikuwa nimeshalikariri. Mara ya nne, sauti ya Maman ikakatika katikati ya neno.

"Pumua kila silabi, mama, hutalia."

"Non. Wakati nilifika kwake sikukuwa na muntu hapa, ila yeye tu. Nitaisoma muzuri, alors, kisha nitalia pia."

"Lakini ukilia hawatalielewa."

"Bon, wataelewa."

Tramu ikasimama karibu na kanisa, na Maman akashuka na karatasi yake.