Mama Martine na ile série ya baharia

Wasikilizaji wapendwa wa Kalemie, na nyinyi wa Bendera wenye kutupata wakati upepo unakubali, leo tuvute viti karibu. Mama Martine Ngoy ametuacha. Mama Martine, mama wa série. Jumatatu, kiisha kula, alilala kidogo. Hakuamuka tena. Mama Martine Ngoy, mwalimu wa zamani, ametuacha.

Sauti yake munaijua. Kila Jumamosi alikuwa anapiga simu hapa redioni, anasema filimu gani za kuendelea, zile tunaita série, tuangalie, na gani tuache.

"Ile ya bwana arusi? Muiache! Mwaka muzima anavaa kostimu, kanisani hafiki. Ile ya dada wawili, muangalie. Lakini mupike kwanza, ju mboga itaungua."

Tukimusikiliza, hata matangazo ya redio tulikuwa tunayasahau.

Kwake nyumbani, majirani walikuwa wanakuja jioni. Wengi ni bibi za wavuvi, wenye kutoka kaskazini ya ziwa. Série zinasema Kifaransa, na wao Kifaransa hawasikii. Basi Mama Martine anageuza maneno kwa Kiswahili. Polepole. Kiti chake kwa mulango, upepo wa ziwa unacheza na pazia, sauti yake inapita chini ya ile ya televizyo sawa maji chini ya mutumbwi. Watoto wanasinzia. Wakubwa pia, lakini wao wanakana.

Ila kulikuwa jambo moja. Kwa Mama Martine, hakuna muntu alikuwa anakufa. Kwa televizyo watu wanalia mbele ya sanduku ya maiti, yeye anasema: "Wanaagana. Bwana anaenda safari." Binti yake Ornella, mwenye kusikia Kifaransa, anacheka jikoni.

"Nilimuuliza, mama, ju ya nini unadanganya?" Ornella anatuambia. "Akasema: hawa mama wamechoka kulia. Niwaletee matanga ingine ndani ya nyumba?"

Sasa akakuja Consolate, jirani mupya. Bwana yake Salomon alienda kuvua, zoruba ikapiga. Mutumbwi ulionekana. Salomon, hapana. Ndugu wakataka kuweka matanga, Consolate akakataa.

Wakati ule série ilikuwa ya baharia mumoja. Baharia akazama. Mama Martine, sawa kawaida yake, akageuza: "Yuko kwa kisiwa. Atarudi."

Consolate akashika lile neno. Akafua mashati ya Salomon, akayapasi, akayatundika mbele ya nyumba. Kila jioni anamuwekea chakula, anafunika sahani. Watoto wake wakakuja kwa Mama Martine, wakamuuliza sawa nyanya yao: "Koko, papa tumulilie, ao tumungojee?"

Mama Martine aliangalia yale mashati. Upepo ulikuwa unayajaza, mikono inapanda, inashuka, sawa vile muntu anaita wenzake toka mbali.

Ile jioni, mbele ya watu wote, Consolate akauliza: "Mama, atarudi lini?"

Mama Martine akazima televizyo. "Série hii tunaiacha."

"Tuiache, na baharia hajarudi?"

"Hatarudi, mwanangu. Alizama, akakufa. Ni mimi nilikataa kusema."

"Na wangu?"

Mama Martine akavuta kiti, akamushika mikono miwili. "Wako, tumulilie."

Consolate akapiga kelele moja, avenue yote ikasikia. Watoto wake wakamuangukia. Matanga ya Salomon yalianza pale pale, kwa zile benchi wanakalia kuangalia série. Hakuna muntu alienda kutafuta kiti kingine.

Jumamosi simu ikalia hapa. "Ile ya baharia, muiache," Mama Martine akasema. "Mwenye kuigeuza alikuwa muongo."

Toka siku ile, muntu akikufa kwa série, Mama Martine anasema: "Amekufa." Kiisha anapunguza sauti ya televizyo. Mwenye kutaka kutaja muntu wake, anamutaja. Consolate alikuwa anasema "Salomon," na watoto wanaitikia.

Ornella, pole sana. Pole kwa familia yote ya Ngoy. Pole kwa Mama Consolate, ni yeye aliosha maiti ya Mama Martine kwa mikono yake.

Na nyinyi, wasikilizaji wapendwa, kuko muntu gani mungali munamufunikia sahani? Jioni ya leo mupunguze sauti kidogo. Mutaje jina lake, watoto wasikie.