Safari ya Kilwa mu telefone ya Précieuse

Mu bisi, miye napendaka kuikala nyuma ya shofere, pale maneno ya bantu inanifikia bila kuitafuta. Leo asubui mama moya alikuwa analia mbele ya kijana wa kravati, mwenye hakumujua hata jina. "Baba, mutoto yangu Précieuse anataka kukimbia na mwanaume! Mu telefone yake niliona njia ya Kilwa, kule ku ziwa, mashua, nyumba ya kulala bantu babili. Nilimunyanganya, iko humu." Akapiga sakoshi yake ya mukono.

Kijana akacheka. "Mama, miye niko professeur wa Anglais. Ile iko kazi ya masomo. Mwalimu anabachagulia ma-site ya internet, anabapatia maulizo, banatafuta, kisha banapanga safari ya bageni na kuieleza mu Kingereza. Kila mutoto na kipande yake."

"Na Rodrigue? Anamwandikia kila siku!"

"Labda iko mu groupe yake ya ile kazi. Banaeleza ile safari siku gani?"

"Leo. Njo sababu alilia sana."

Kijana akaacha kucheka. "Basi kazi yake iko mu sakoshi yako. Groupe yote itapata zéro."

"Na kama banadanganya hata mwalimu yao?" mama akauliza.

Miye sikusoma sana, lakini njia ya Kilwa naijua. Kwa ile mashimo, hakuna muntu anapita pale sababu ya mapendo.

Telefone ya Précieuse ikalia. Mama akaitosha mu sakoshi, akaona jina: Rodrigue. Hakuitika, hakuizima. Bisi ikasimama karibu na nyumba ya masomo ya Précieuse, akashuka anakimbia, telefone inalia mu mukono. Sijui alikuwa anakimbia kurudishia mutoto yake telefone, ao kukamata Rodrigue.