Waya wa Pampu

Mariat alikaa nyuma ya mzee na msichana wasiojuana, ndani ya teksi, basi dogo la abiria, itokayo Jinja. Hakutega sikio, ila sikio halina pazia. Msichana, Jaliah, alikuwa akienda Malukhu kumpa pole mama wa Bruhan, mwanafunzi mwenzake. Yeye na Bruhan walijenga mradi wa shule: tangi la samaki, na pampu ya kupandisha maji yake kunywesha mboga za sukuma zilizopandwa juu yake. Bruhan alitia mkono majini, umeme ukamuua.

"Shule imemwambia mama yake ni kifafa," alisema Jaliah. "Kumbe waya ulichunika, na tuliomba mwingine tukachoka."

"Usimwambie, binti yangu. Kifafa ni kazi ya Mungu. Waya utamnyima usingizi mpaka kaburini."

"Lakini mzee, tangi bado linatumika."

Mzee akageukia dirisha. Mariat, mwenye mabinti shuleni, naye akageukia lake.

Malukhu teksi ikasimama, Jaliah akashuka. Mwanamke aliyevimba macho akamkumbatia Jaliah pale pale mlangoni. "Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Niambie, alianguka vipi?"

Kondakta akafunga mlango.