Mita Haitaji Jina

Katika basi la kutoka Tukuyu, Jubilate alimpakata mwanawe huku akiwasikiliza wanawake wawili wa kiti cha mbele. Siti, mwenye duka, alikuwa akiisifia mita yake mpya ya LUKU. "Mwenzangu, ukichomeka pasi tu, kile kitaa chekundu kinapepesa mbio! Mlaji anajulikana."

"Basi itanisafisha," akasema mwenzake, Prisca. "Kwetu wanaifunga kesho. Mama mwenye nyumba anadai umeme naumaliza mimi, anataka nihame."

"Itaonyesha kiasi, dada. Jina haitaji."

"Nitawasha balbu yangu moja mbele ya wapangaji wote, kisha nimwombe achomeke jiko lake."

"Atakubali?"

Basi likasimama stendi ya Kyela. Prisca akashuka kifua mbele, na Jubilate, asiyemjua hata kidogo, akamwombea lile jiko lichomekwe.