Moja Saba Zilizotuchosha

Tarehe 28 Juni 1958, baada ya miaka ishirini na tisa mbele ya ubao, Mwalimu Adalbert Munyakazi anastaafu. Nimeombwa niandike mema yake. Nitajaribu, ingawa mimi ndiye niliyeketi naye meza moja katika chumba cha walimu hapa Goma, na wenzangu mnajua maana yake.

Maana yake ni 1 111 111. Muzee alipenda namba hiyo kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kila tulipokunywa chai alianza upya: igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kila mara inabaki moja. Izidishe kwa yenyewe, unapata 1 234 567 654 321, tarakimu zinazopanda ngazi na kushuka. Kisha alitangaza kwamba amejaribu vigawanyo vyote, na hakuna kinachoiweza. Darasa baada ya darasa lilifundishwa hivyo. Mara ngapi nimeingia na ramani yangu ya mito, nikakuta ubao umejaa hesabu zake na agizo: "Usifute"!

Mwaka 1955 ilibaki kidogo tu awe mwalimu mkuu. Mkaguzi alikuja kumsikiliza akifundisha, wazazi na sisi walimu tukiwa tumekaa nyuma. Tulimsihi achague somo jepesi. Akachagua namba yake. Ili kuonyesha jinsi ilivyo ngumu, akaokota 239 kwa kubahatisha, akagawa. Jibu likatoka 4 649, na hakikubaki kitu.

Mkaguzi alikuwa akitazama saa yake. Tulioona ni mimi na Muzee tu. Nilimtolea macho: futa, Muzee, futa! Akaweka chaki chini, akawageukia wazazi.

"Niliwafundisha watoto wenu vibaya," akasema. "Inagawanyika."

Cheo kikaenda kwa mwingine. Nilikasirika kuliko yeye.

Nilidhani yameisha. Likizo ilipoanza, akasema lazima awatafute wanafunzi wake wa zamani awasahihishe, nami nimsindikize kwa sababu magoti yanamuuma. Tulikwenda Mugunga. Tulipanda hadi Kibumba, viatu vyangu vikaliwa na mawe ya volkano. Huko tulimkuta Nyiramahirwe, aliyeacha shule akaolewa, akichimba viazi na mtoto mgongoni.

"Mwalimu, ulitembea toka Goma juu ya namba tu?"

"Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Unisamehe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Tangu nizaliwe," akasema, "hakuna mutu mukubwa alisha kuja kuniomba musamaha."

Akatupatia gunia la viazi. Aliyelibeba hadi Goma ni mimi, na kwa mara ya kwanza safari ile sikunung'unika.

Muzee, walimu wanne wa shule hii walipita mikononi mwako. Hakuna hata mmoja anayeona haya kuwaambia watoto, "Nilikosea." Wanapoteza muda wa somo kwa ajili hiyo, na sasa wananichosha wao. Tunakushukuru kwa hilo.

Mama Marcelline, tunakurudishia mume wako. Uvumilivu wetu umekwisha, tunakuombea wako udumu. Nenda kwa amani, Muzee, Mungu akupe miaka mingi na magoti mapya. Upumzike, nasi tupumzike.